Muulize Fundi wa Gemu: "Nina laki nane, nataka PC"

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba mtu anaweza kuanza gemu za PC na mashine ya ofisini iliyotumika, zile Dell na HP nyeusi zilizopangwa kama matofali kwenye maduka ya used Kariakoo na kule Nairobi mitaa ya Luthuli na Moi Avenue. Sikutegemea, meseji zimemiminika hadi mhariri kaniongezea nafasi. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kwahiyo nimechagua chache, ambaye hajaona yake asome ya kwanza maana ndo ndefu na nusu ya watu jibu lao limo humo.

Fundi shikamoo. Mi nipo Mbagala, nimezoea kucheza PS kwenye vibanda ila saivi nimejichanga nimefikisha laki nane nataka PC yangu mwenyewe. Kuna jamaa Kariakoo ana "PC ya gemu", Dell OptiPlex 7010, core i7, RAM 8, hadi diski (hard disk) ya GB 500 na imefungwa kadi ya grafiksi ya GB 4. Ananiachia laki saba na nusu. Nataka GTA V, Valorant na FC ile ya mpira. Nichukue?

Marahaba dogo. Usichukue, na hata ile hela ya kishika uchumba usimwachie.

Jamaa hajakudanganya kwenye maneno, kila alichokitaja inawezekana kipo kweli humo ndani, shida ni kwamba ametaja vile vinavyosikika vizuri. Tuanze na hiyo i7. Core i7 ipi? Prosesa za Intel zina namba baada ya i7, na tarakimu za mwanzo ndo kizazi chake. OptiPlex 7010 ya zamani inakuja na i7-3770, yaani kizazi cha 3, ya mwaka 2012, kore 4. Sasa chukua i5-8500, ya 2018, kizazi cha 8, kore 6. Hiyo "i5" inaiacha hiyo "i7" mbali sana kwenye gemu na bado inatumia RAM za DDR4 wakati 7010 inatumia DDR3. Muuzaji anajua wateja wengi wanasikia i7 wanaona wamefika. Halafu kuna mtego mwingine hapohapo, Dell walirudia jina, mwaka 2023 walitoa OptiPlex 7010 mpya kabisa ya kizazi cha 13, kwahiyo ukiingia gugo kutafuta sifa za "OptiPlex 7010" unaweza ukakutana na za mpya ukadhani ndo hiyo ya jamaa. Sio hiyo. Ya laki saba na nusu sio hiyo.

Twende kwenye kadi ya GB 4. Muulize jina lake, ukiona anazunguka zunguka na kurudia "ni four GB bro", kuna uwezekano mkubwa ni GT 730. Hiyo ni kadi ya 2014 ya kuonyeshea picha na video tu, kuwekewa memori GB 4 hakuifanyi kuwa na nguvu. Memori ya kadi ni sehemu ya kuwekea vitu, anayefanya kazi ni chipu yenyewe. GTX 1650 nayo ina GB 4 na hazifanani hata kidogo.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye kiini cha mambo yote na ndo sehemu watu wanarukaga. Kabla hujauliza kadi gani, uliza pawa saplai ya wati ngapi na keisi ni saizi gani. Mashine za ofisini zinakuja kwa maumbo mawili matatu. Kuna zile ndogo kama kitabu kinene, za kufunga nyuma ya monita, hizo sahau kabisa, hazina sehemu ya kuchomeka kadi. Kuna zile nyembamba za kulala mezani, watu wanaziita SFF, hizo zina sloti lakini kadi lazima iwe fupi kwa kimo, ile wanaita low profile, kadi ya kawaida haiingii hata ufanyeje, utaishia kukata bati la watu. Na kuna tawa, ile ya kusimama, hiyo ndo ya kutafuta. 7010 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, tawa yake wati 275. Nyingine nyembamba za vizazi vya mbele zina wati 180 au 200 tu.

Kwa umeme huo unaruhusiwa kadi zile tu zinazokula kwenye sloti peke yake. Sloti ya madabodi inatoa mwisho wati 75 na kadi yoyote inayotaka zaidi ya hapo inadai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya wa pini 6 au 8, ambao mashine hizi nyingi hazina. Ndo maana wazoefu wote wanaishia kutaja majina yaleyale mawili, GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019. Zote zimeandikwa wati 75. Ila angalia kitu kimoja kwa macho yako, kuna matoleo ya 1650 ambayo kiwanda kimeongeza soketi ya pini 6 pembeni, hayo hayakufai, geuza kadi utazame ubavu wa juu, ukikuta pamekaa laini bila tundu la waya ndo yenyewe. Ukiangukia mashine nyembamba zipo 1650 za low profile, na kuna kadi za mafundi wa michoro zinaitwa Nvidia T1000, hizo ni fupi na zinakula wati 50 tu, chipu ni ukoo mmoja na 1650. Zina tundu dogo la mini DisplayPort kwahiyo hesabu na hela ya adapta ya kwenda HDMI.

Mtu atakwambia "badilisha tu pawa saplai weka ya wati 500". Inawezekana lakini sio kila mashine. Kwenye Dell za kizazi cha 4 kama 7020 na 9020 madabodi haitumii ile plagi ya pini 24 iliyozoeleka, inatumia yake ya pini 8, so unahitaji adapta maalum, na kwenye keisi nyembamba pawa saplai ya kawaida haiingii. Kwa mtu anayeanza mi naona ni kujitafutia kesi.

Sasa gemu zako. GTA V ilitoka PC mwaka 2015, 1650 inaisukuma vizuri tu kwenye 1080p, hapo huna presha. Valorant ni nyepesi ila ina mambo yake: ukiwa kwenye Windows 11 ule mfumo wao wa kuzuia wachakachuaji unadai TPM 2.0 na Secure Boot, yaani chipu ya usalama na kinga ya wakati mashine inawaka. Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Ndo ujue sasa kwanini nakukomalia kizazi cha 8. Jamaa anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ya 2012 ikawaka vizuri, ukafika nyumbani, umekula bando zima kushusha Valorant, ukabonyeza play inakukatalia. FC nayo, nikikupa mfano wa FC 24, EA wenyewe walioitengeneza wameandika kiwango cha chini kabisa i5-6600K, RAM GB 8, GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100. Hiyo hadi diski ya 500 itaweka gemu tatu nne imejaa, na itafungua polepole mpaka chai ipoe.

Ningekuwa na laki nane yako ningetafuta tawa ya i5 kizazi cha 8 (OptiPlex 3060, 5060 au 7060, ama HP EliteDesk 800 G4), nihakikishe haili zaidi ya nusu ya hela au ikizidi iwe kidogo tu, isiyokuwa na kadi yoyote, kisha kadi ninunue kivyake. Hela isipofika shuka kizazi cha 6 au 7 ila ujue Windows 11 rasmi umeikosa na Valorant hapo ni kubahatisha. RAM chukua vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, prosesa inasoma vyote kwa pamoja na fremu (picha kwa sekunde) zinaongezeka bila gharama yoyote ya ziada. SSD (diski ya kisasa yenye kasi) hata ya GB 256 weka Windows na gemu moja unayoipenda, ile hadi diski ya zamani iache humohumo ihifadhi zilizobaki. Na kama hela imekata kabla ya kadi, nunua mashine kwanza, cheza gemu nyepesi na grafiksi za ndani ya prosesa huku unajichanga tena. Hakuna anayekufukuza.

Ah, na ukienda dukani kagua mwenyewe kabla ya kulipa. Omba wawashe, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, utaona jina la prosesa, RAM na ukigusa upande wa Display utaona jina la kadi. Anayekataa kuwasha mashine anakuuzia kimeo.

Niaje Fundi. Niko Umoja, Nairobi. Mimi tower tayari ninayo na power supply ni ya 550W, si ya ofisi. Kuna msee anauza RX 580 8GB, bei imeshuka vibaya sana, anaapa haijawahi kuchimba crypto. Nitajuaje hajaniuzia mbuzi kwenye gunia?

Poa sana. Kuhusu kiapo chake, kiweke pembeni. RX 580 ilitoka Aprili 2017 na ilikuwa kipenzi cha wachimbaji wa Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni ambayo kadi zilikuwa zinapiga hesabu mfululizo ili mwenyewe alipwe, halafu Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo, uchimbaji kwa kadi ukafa siku moja na kadi zikamwagwa sokoni dunia nzima. Kwahiyo wewe chukulia tu imechimba. Kuchimba kwenyewe sio hukumu ya kifo, kadi iliyokaa moto mmoja bila kupanda na kushuka inaweza kuwa na afya kuliko ya mtoto aliyekuwa anacheza chumba kisicho na dirisha. Kinachochoka ni feni, ile pesti ya joto na vile vipedi vya memori, na hivyo vinabadilishika.

Unachotakiwa kuogopa zaidi ni kadi kuwa sio ile iliyoandikwa kwenye stika. Kuna RX 580 yenye mkia "2048SP", hiyo ilitengenezwa kwa soko la China, kwa ndani ni kama RX 570. RX 580 halisi ina shaders 2304, yaani vile vikore vidogo vya kadi vinavyochora picha. Kwenye Nvidia kuna uhuni mbaya zaidi, wanachukua kadi ya miaka ya 2010 na 2011 kama GTS 450, wanaichakachua BIOS yake (programu ya ndani inayoitambulisha kadi) ili kompyuta iione kama GTX 1050 Ti, wanaifunga na feni mpya na boksi linalong'aa. Dawa ya yote hii ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi, ukikutana na msee mwambie muichomeke kwenye mashine, uifungue. Angalia mstari wa Shaders. Kadi ikiwa imechakachuliwa kwa njia inazozijua, programu inaandika kabisa neno FAKE kwenye jina la kadi, walianza kufanya hivyo 2018.

Ukishavuka hapo washa programu ya kupima kama Unigine Heaven, iachie kama robo saa, usikubali "si umeona inawaka". Kaa hapo. Unatafuta vidoa vya rangi vinavyomwekamweka kwenye picha, mistari, skrini kuwa nyeusi ghafla. Memori iliyochoka inajionyesha ikishapata moto, sio dakika ya kwanza. Zungusha feni kwa kidole kadi ikiwa imezimwa, ikiwa inakwaruza omba bei ishuke. Nusa kadi, ndio nusa, kitu kilichoungua kina harufu ambayo huwezi kuificha kwa kupangusa na spiriti. Na usikutane naye stejini, kutaneni kwenye duka au saiba yenye mashine.

RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8, 550 yako inatosha kama ni ya kampuni inayoeleweka. Kitu kimoja cha kujua kabla hujatoa hela, AMD wameshaipunguzia ukoo huu wa kadi apdeti za draiva (programu inayoiendesha kadi), kwahiyo gemu mpya kabisa za kesho usizitegemee. Kwa GTA, CS2 (Counter-Strike 2) na gemu za kabla ya 2022 utakula raha.

Assalaam alaykum. Mimi naishi Muscat, mtoto wa dada yangu Unguja kamaliza mitihani vizuri nimemuahidi kompyuta ya kuchezea. Nimnunulie laptopu huku au desktopu? Na umeme wa huku na wa nyumbani hautofautiani?

Waalaykum salaam mjomba. Umeme usikutie wasiwasi, Oman na Zanzibar zote plagi ni ile ya pini tatu bapa za kiingereza na volti zinaelekeana, 240 huko, 230 nyumbani. Chaja itachomeka moja kwa moja.

Kwa safari, laptopu. Desktopu kwenye mzigo wa ndege inateseka, kadi nzito inaning'inia kwenye sloti na safari moja ya kurushwarushwa inaweza kuikata, labda uitoe uibebe mkononi. Laptopu ibebe mkononi pia, betri hizi hazitakiwi mzigo wa chini.

Sasa kuna jambo wauzaji wa kwenye maduka makubwa hawalitaji. Laptopu mbili zenye kadi ya jina moja haziko sawa. RTX 4060 ya laptopu Nvidia wameruhusu kiwanda kiipe umeme kuanzia wati 35 mpaka 115, ni jina moja, stika moja, lakini ya wati 115 inaiacha ya 35 vibaya sana. Laptopu nyembamba nzuri ya kupendeza mara nyingi ndo ile ya wati chache. Muombe muuzaji akuonyeshe wati za kadi, kwa Kiingereza wanaandika TGP, na akishindwa chukua namba kamili ya modeli utafute mwenyewe mtandaoni kabla hujarudi. RTX 3050 ya GB 4 iruke, siku hizi memori hiyo inajaa upesi, bora uongeze kidogo upate ya GB 6 au 8. Na angalia RAM: nyingi za bei rahisi zinakuja na kipande kimoja cha GB 8, uliza kama ina sloti ya pili umuongezee kingine.

Kijana mwambie acheze ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kwa betri peke yake kadi inabanwa nguvu kwa makusudi, asije akakupigia simu kwamba umemletea mbovu. Na asiiweke kitandani juu ya godoro, matundu ya kuvutia hewa yako chini.

Kaka, huku Tanga umeme unakatika na ukirudi unarudi kwa kishindo, taa zinawaka kali kama zinataka kupasuka. Ninunue stebilaiza au UPS? Na joto la huku PC itapona?

UPS. Stebilaiza inarekebisha umeme unaopanda na kushuka taratibu ila umeme ukikata haina cha kukusaidia, na kukatika ghafla ndo kunaua hadi diski na kuharibu Windows katikati ya apdeti. Mashine ya aina niliyomweleza dogo wa Mbagala hapo juu haifiki wati 200 hata ukiwa unacheza, UPS ya 650VA inakupa dakika chache za kuseva na kuzima, kazi yake ndo hiyo, sio ya kumalizia mechi. Ukitaka kuilinda UPS yenyewe na hicho kishindo tanguliza ile fridge gadi watu wanayofungia friji, inaukatalia umeme mpaka utulie kwanza halafu ndo inaruhusu.

Joto: prosesa na kadi zikizidi moto zinajipunguza kasi zenyewe, ndo pale gemu inaanza vizuri halafu baada ya nusu saa inakwama kwama na mtu anasingizia intaneti. Toa mashine sakafuni, sogeza kutoka ukutani, kila mwezi ipulize vumbi na blowa. Unapopuliza shika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Mashine ya used iliyokaa ofisini miaka 6 pesti yake juu ya prosesa imeshakuwa unga, fundi akubadilishie siku ya kwanza, ni kazi ndogo sana. Kwa nyie wa pwani kuna na chumvi ya hewani, ukiona kutu ya kijani kwenye pini za RAM zifute na ufutio wa penseli. Usiweke PC dirishani upande wa bahari hata kama upepo unakubembeleza.

Mimi wa Mwanza. Gemu zina GB 80, 100, bando langu ni la kuunga unga. Watu wanafanyaje? Na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, unalipaje bila kadi ya benki? Au nichukue tu zile za kwenye flashi za mtaani?

Watu wanashirikiana. CS2 yenyewe ni ya bure ila Steam wameandika uwe na nafasi ya GB 85, sasa huna haja kila mtu mtaani aishushe. Mmoja mwenye waifai nzuri anashusha, wengine wanakopi folda la gemu ndani ya steamapps kwenda hadi diski ya nje, unalibandika sehemu ileile kwenye mashine yako, unabonyeza Install kwenye akaunti yako na Steam inalikagua tu, inashusha vile vidogo vilivyopungua. Tangu 2023 kuna njia rahisi zaidi, mashine mbili zikiwa kwenye rauta moja Steam inahamisha gemu kutoka moja kwenda nyingine bila kugusa bando. Zima pia apdeti za kujiendea zenyewe, ziwekee muda wa usiku kama una bando la usiku.

Sio kila gemu ni dude. Stardew Valley inataka MB 500 tu na watu wamemaliza miezi ndani yake.

Malipo: huku kwetu Steam bei zake ni za dola, unatumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya simu. Kenya Safaricom na Visa walileta ya M-Pesa mwaka 2022, na Bongo mitandao ya simu nayo ina kadi za namna hiyo kwenye menyu zao. Jaza hela ya gemu tu na chenji kidogo ya makato, usiiache imejaa. Gemu ukinunua ukakuta mashine haiiwezi, Steam wanarudisha hela kama hujapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2, kwahiyo ukinunua ijaribu siku hiyohiyo usiiweke kiporo. Epic Games nao kila Alhamisi wanagawa gemu bure kabisa, unajisajili, unaichukua, inabaki yako hata kama huna bando la kuishusha leo.

Za kwenye flashi za mtaani sitakuhubiria kuhusu haki za watu, unazijua. Ntakwambia nachokiona mezani kwangu: mashine inaletwa feni zinapiga kelele hata ikiwa haifanyi kitu, ukiangalia kuna kidudu kinachimba sarafu za mtu mwingine kwa umeme wako, na mwenye mashine ameambiwa azime antivairasi ili gemu ikubali. Na onlaini hazichezi.

Kwa onlaini zenyewe, waya wa LAN ni bora kuliko waifai, na waifai bora kuliko hotspoti ya simu. CS2 na Dota 2 zina seva Johannesburg na Dubai, jaribu zote mbili kisha ubaki na ile yenye ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ndogo kwa mtandao wako, haziwi sawa kwa kila kampuni ya simu.

Fundi, mimi ni mama, niko Arusha. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema PC ya gemu itamsaidia masomo na kwamba kuna watu wanalipwa kucheza. Ananidanganya?

Nusu mama. PC ya gemu ni kompyuta kamili, itafanya Excel, programu za kuchora na za kuandika kodi za kompyuta (code), tena vizuri kuliko laptopu nyingi za bei hiyo. Kuhusu kulipwa, wapo: Kenya kuna Sylvia Gathoni, jina lake la gemu QueenArrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018. Mmoja kwa maelfu wanaocheza, kwahiyo usinunue kwa hesabu hiyo. Nunua ikiwa utaiweka sebuleni, sio chumbani kwake, na umwachie asome mwenyewe na aifungue mwenyewe kubadilisha RAM. Mtoto anayejua kufungua keisi na kutambua kila kitu kilichomo ameshapata elimu ambayo watu wanailipia ada.

Za haraka haraka:

*Pedi ya PS4 inakubali PC?* Inakubali, kwa waya au bluutufu, iwashe kwenye setingi za Steam. Feki za elfu kumi na tano nazo mara nyingi zinakubali ila vile vijiti vinaanza kwenda vyenyewe.

*Nimeambiwa monita ya Hz 144 ni lazima.* Nani kakwambia? Kwa 1650 anza na ya Hz 60 iliyotumika kutoka ofisini, Hz 144 zina maana kama kadi inaweza kutoa fremu zaidi ya 60 kwenye gemu unayocheza. Kwa Valorant itaweza, kwa FC na GTA bado huna haraka.

*Intel Arc A380 naona bei nzuri, niweke kwenye OptiPlex ya zamani?* Hapana. Hizo zinahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR kwenye BIOS, mashine za zamani hazina na kadi inashuka nguvu sana.

*Nimefunga GTX 1650 mpya, draiva nimeweka, lakini gemu zinakwama vilevile kama mwanzo. Nimepigwa?* Hebu kwanza nenda nyuma ya mashine ufuate waya wa monita kwa mkono. Kama umechomekwa juu kwenye madabodi karibu na matundu ya USB basi bado unacheza na grafiksi za prosesa, ndo kosa namba moja la wote waliofunga kadi wenyewe. Uchomoe, uchomeke kwenye kadi yenyewe, yale matundu ya chini yaliyolala. Ikigoma bado, niandikie namba ya modeli ya mashine na picha ya dirisha la GPU-Z.